Jimu ziwe bure? Jibu kwa mama mwenye presha aliyeambiwa "fanya mazoezi"

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam, nauza vitenge na mashuka sokoni. Mwezi uliopita nilipima presha ikasoma 152 kwa 94, nikarudia siku nyingine ikawa hapo hapo. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4. Daktari kanianzishia kidonge kimoja cha presha, akaniambia nipunguze chumvi, nifanye mazoezi, nirudi baada ya miezi mitatu. Jimu ya karibu na kwangu wanataka shilingi 80,000 kwa mwezi, kiingilio mbali, na mimi nina watoto watatu wanasoma. Kukimbia barabarani naona aibu, na bodaboda wenyewe unawajua. Jirani yangu kaniambia nisithubutu kunyanyua vyuma, eti vinapandisha presha na vinamtoa mwanamke misuli kama mwanamume. Sasa nauliza: kama mazoezi ni dawa, kwa nini serikali isifanye jimu ziwe bure, kama wajawazito na watoto wadogo wanavyotibiwa bure? Na sisi tusiozimudu tufanyeje?"

Marahaba, dada yangu. Pole kwa mshtuko wa vipimo, na hongera kwa kupima, maana wengi wa rika lako huijua presha yao siku wanapoanguka.

Umeuliza mambo mawili kwa mpigo, la serikali na la mwili wako, na nitayajibu yote. Ninavyokuelewa, umeambiwa mazoezi ni dawa, duka pekee unaloliona linaiuza ni jimu, na bei imekushinda. Malalamiko yako ni ya haki. Mtu akikuambia "fanya mazoezi" bila kutaja mazoezi gani, kiasi gani na wapi, hajakupa tiba bado. Lakini kuna kitu kimoja kwenye swali lako ambacho nataka tukitoe mapema, nacho ni ile imani kwamba dawa yenyewe iko ndani ya jimu. Haiko huko peke yake, na kwa vipimo vyako hata sehemu kubwa yake haiko huko.

Tuanze na hivyo vipimo. Presha tunaihesabu kuwa imepanda inapofika 140 kwa 90 kwenda juu, kwa vipimo vya siku tofauti. Yako ya 152 kwa 94 imepita mstari, ila haijafika pabaya. Sukari ya 6.4 kabla ya kula si kisukari. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, kisukari ni 7.0 na kuendelea, ikithibitishwa kwa kurudia. Kati ya 6.1 na 6.9 ni eneo la onyo: mwili umeanza kushindwa kuisukuma sukari mahali pake, ila njia ya kurudi bado ipo.

Na njia hiyo imepimwa. Mwaka 2002 yalitoka Marekani matokeo ya utafiti wa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kama yako, haijawa kisukari. Kundi moja walipewa metformin, dawa ya kisukari. Kundi jingine walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Baada ya karibu miaka mitatu, kundi la dawa walipata kisukari kwa asilimia 31 pungufu kuliko kundi la tatu, waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kundi la mazoezi na mlo walipungua kwa asilimia 58. Zoezi walilohimizwa lilikuwa la kiwango cha kutembea kwa haraka. Hawakuambiwa kwamba bila mashine ya kukimbilia hawatapona.

Ndani ya mwili mambo huenda hivi. Kwa kawaida sukari iliyo kwenye damu inahitaji insulini ili iingie kwenye msuli. Mtu aliyefika 6.4, mara nyingi insulini anayo, ila misuli yake imeacha kuisikiliza vizuri. Msuli unapokaza na kulegea, unatoa vibebeo vyake vya sukari kutoka ndani ya seli na kuvipeleka kwenye ukuta wa seli, na sukari inaingia bila kusubiri insulini. Zaidi ya hapo, msuli uliofanyishwa kazi unabaki msikivu kwa insulini kwa siku nzima, wakati mwingine mbili. Ndiyo maana tunawaambia watu wasipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Faida ya Jumapili moja yenye jasho jingi haifiki Jumatano.

Kwa upande wa presha, damu inapopita kwa kasi wakati wa mazoezi, ngozi laini ya ndani ya mishipa hutoa kemikali inayoilegeza mishipa hiyo. Ukimaliza kutembea nusu saa, presha inaweza kubaki chini kidogo kwa saa kadhaa. Ukiendelea kwa wiki nyingi, mwili unazoea hali hiyo, na kwa watu wenye presha iliyopanda, namba ya juu hushuka kwa wastani wa 5 hadi 8. Ni kiasi kinachosogelea kazi ya kidonge kimoja. Si kidogo, lakini pia usikitupe kidonge chako kwa sababu yake.

Katika yote hayo, msuli unachosikia ni uzito, muda na marudio. Haujui kama uzito huo ni wa mashine iliyosafirishwa kwa meli au ni dumu la maji la lita 5.

Sasa jirani yako. Ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayotisha watu kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba mtu anaponyanyua kitu kizito sana huku amebana pumzi, presha yake hupanda ghafla kwa sekunde hizo. Mwenye presha isiyodhibitiwa kabisa asifanye hivyo. Lakini uzito wa wastani, ukitoa pumzi wakati wa kunyanyua na kuvuta wakati wa kushusha, ni salama kwa mtu mwenye vipimo kama vyako, na baada ya wiki kadhaa husaidia presha kushuka. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inawataka watu wazima wote, wanaume kwa wanawake, wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki, juu ya zile dakika 150 hadi 300 za kutembea au mfano wake. Hiyo siku 2 watu wengi hawaijui, na ni hasara, kwa sababu msuli ndio ghala kubwa la sukari mwilini. Ukiwa na msuli mdogo, sukari inakosa pa kwenda.

Kuhusu misuli ya kiume, ondoa hofu. Homoni inayovimbisha misuli ya wanaume, wewe unayo kwa kiasi kidogo mno. Wanawake wenye misuli mikubwa unaowaona kwenye mashindano wamefanya kazi hiyo kwa miaka, kwa vyuma vizito na mlo uliopangwa. Hakuna aliyewahi kuamka nayo kwa bahati mbaya. Utakachokiona wewe ni kupanda ngazi bila kuhema, na magoti yanayolalamika kidogo unapoinuka na furushi la mashuka.

Nije kwenye jimu za bure. Hoja yako ya wajawazito na watoto chini ya miaka 5 ina mantiki, na nimewasikia hata madaktari wenzangu wakiisema: kama taifa linalipia tiba ya kiharusi na usafishaji wa figo, si afadhali lilipie mazoezi kabla mambo hayajafika huko? Mimi nakubaliana na nusu ya kwanza. Nusu ya pili, kwamba namna ya kulipia mazoezi ni kufungua jimu bure kwa kila mtu, hapo ndipo tunaachana.

Angalia kilichotokea kwa watu ambao tayari wanazo jimu. Mwaka 2006 wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, walichapisha utafiti wa jimu tatu za Marekani zenye wanachama zaidi ya 7,700. Waliokuwa wakilipa kwa mwezi, zaidi ya dola 70, walihudhuria kwa wastani mara nne na kidogo tu kwa mwezi. Kila walipokanyaga pale iliwagharimu zaidi ya dola 17, wakati jimu hizo hizo zilikuwa zikiuza kadi ya mara 10 kwa dola 10 kila mara. Fikiria maana yake. Mtu akishalipa ya mwezi, kila asubuhi anayoamka jimu kwake ni bure, haimtoi hata senti ya ziada. Na bado hakwenda. Kilichomzuia ni uchovu, foleni, watoto, aibu, kutojua aanzie mashine ipi, na ile hali ya kusema "kesho". Serikali ikifuta ada, hayo yote yanabaki palepale.

Lakini nitakuwa nakudanganya nikiishia hapo, kwa sababu hao walikuwa watu wenye dola 70. Kwa asiyenazo, bei ni ukuta kweli. Blackburn na Darwen, kaskazini magharibi mwa England, ni eneo lenye umaskini kuliko sehemu nyingi za nchi ile. Halmashauri iliwafutia wakazi wake ada ya kuogelea na ya jimu kwenye vituo vya umma, na wakati huo huo ikatuma watu mitaani kuwatafuta wasiokuja, kuwaalika na kuwashika mkono siku za mwanzo. Mahudhurio yaliongezeka kwa zaidi ya nusu, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa kipato cha chini. Huo ni ushahidi wa upande wako, na nauheshimu.

Linganisha na mpango mwingine wa England hiyo hiyo. Kuanzia Aprili 2009 kuogelea kulifanywa bure kwa walio chini ya miaka 16 na waliotimiza 60, kwenye halmashauri zilizojiunga. Mwaka uliofuata mpango ulifutwa, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba wengi wa walioogelea bure wangeogelea hata kama wangelipa. Mlango ulifunguliwa, wakaingia wale wale waliokuwa tayari wanaupenda. Mimi nikisoma miradi hii miwili kwa pamoja naona tofauti iko kwa mtu aliyetumwa mtaani. Blackburn walikuwa naye.

Halafu kuna gharama, ambayo haifutiki kwa kuandika "bure" kwenye ubao. Jimu ina pango, umeme wa mashine na feni, maji ya bafu, vipuri vinavyoagizwa nje, na mishahara. Ikiwa bure, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 usiku itajaa hadi mlangoni, na anayepata mashine ni kijana mwenye nguvu za kusukumana. Mama wa miaka 43 aliyetoka sokoni saa 12 atasimama pembeni akiangalia. Kwenye mwambao wetu kuna tatizo jingine ambalo wapangaji husahau: chumvi ya bahari. Vyuma vya mazoezi vikiwekwa nje karibu na ufukwe bila fungu la matengenezo, haviishi muda mrefu bila kutu, bawaba zinakwama, na kifaa kibovu kinamuumiza mtu. Kuzindua ni rahisi. Kupaka rangi na kutia grisi kila baada ya miezi michache ndiko kunakohitaji bajeti.

Nchi niliyojifunza kwayo zaidi kwenye jambo hili ni Brazili. Mji wa Recife, mwaka 2002, ulianza kuweka walimu wa mazoezi kwenye viwanja na bustani za umma, asubuhi na jioni, bila malipo. Mtu anafika na nguo zake za kawaida, anapimwa presha, anaunganishwa na kundi, anafundishwa. Miji mingine ikafuata, na mwaka 2011 serikali kuu ikaufanya kuwa mpango wa taifa, ndani ya mfumo wake wa afya ya umma. Wanaofika kwa wingi ni wanawake, wengi wao watu wazima wa kipato cha chini, yaani watu kama wewe. Jambo la kuangalia ni kwamba pesa ya umma imekwenda kwa mwalimu na kwa uwanja. Mashine ni kidogo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Sitaki kodi inunue mashine za kukimbilia kwa ajili ya kila mtu. Nataka ilipie mwalimu mwenye mafunzo katika kila kata, uwanja ambao haujengwi wala kuuzwa, taa za kutembelea jioni, na njia ya miguu ambayo bodaboda haiwezi kupanda. Nataka pia mgonjwa mwenye karatasi ya daktari, mzee, na kijana asiye na kazi waruhusiwe kuingia jimu kwa saa ambazo ziko tupu, tuseme saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri, kwa gharama ya umma au ya bima. Uingereza daktari anaweza kumwandikia mgonjwa wiki 12 hivi za mazoezi yanayosimamiwa kwenye kituo cha umma kwa ada iliyopunguzwa. Sisi tumeshapata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tangu mwaka 2023. Mjadala wa kitita cha huduma ukiendelea, watu wenye presha na sukari waseme kwa sauti kwamba wiki 12 za mwalimu wa mazoezi zina haki ya kufikiriwa kama dawa nyingine.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu wakati tunadai jimu za bure, tunapoteza uwanja wa bure tuliokuwa nao. Dar es Salaam kila mtu anaijua hadithi ya eneo la wazi lililokuwa la watoto kucheza, sasa lina fremu za maduka au gereji. Hilo lilikuwa jimu ya bure ya mtaa mzima. Ukiwa kwenye mkutano wa mtaa, swali la "eneo letu la wazi liko wapi kwenye ramani?" lina thamani kubwa kuliko ombi la mashine.

Na hatuanzi sifuri. Desemba 2016 Mama Samia, wakati ule Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya watu kufanya mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ni nia njema, ila piga hesabu: mara moja kwa mwezi haiwezi kufanya kazi ya dakika 150 kwa wiki. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili maalumu, ikaanza mara moja kwa mwezi ikawa mara mbili, watu wakikimbia na kupimwa presha na sukari bila malipo. Zanzibar kila Januari mosi vikundi vya mazoezi hukutana kwa bonanza kubwa, na vikundi hivyo viko hai mwaka mzima, alfajiri, wanawake kwa wanaume, watu wa makamo na wazee. Temeke na Mbagala kuna klabu za kukimbia pole pole ambazo hazimwulizi mtu mapato yake.

Kuna pia zile jimu za uchochoroni, ambazo watu wa jimu za vioo huzidharau. Mimi sizidharau. Utakuta bati nne juu ya nguzo za mirunda, benchi la mbao lililofungwa kwa mpira wa tairi, na kengele za uzito zilizotengenezwa kwa makopo ya rangi: kopo limejazwa zege, bomba la maji limechomekwa kabla zege halijakauka, kopo la pili upande wa pili. Vijana wamejenga miili hapo, wanalipa hela ndogo kwa siku au hawalipi kabisa. Kasoro zake nazisema wazi: makopo mawili ya bomba moja mara nyingi hayalingani uzito, hakuna wa kukusahihisha mgongo, na mwanamke hujikuta peke yake katikati ya wanaume. Halmashauri ikitaka kufanya jambo la maana kwa fedha kidogo, ianze na hizi: ziwe na mwalimu siku 2 kwa wiki, na saa maalumu za akina mama.

Turudi kwako, maana serikali inaweza kuchelewa na presha yako haisubiri.

Zoezi lako la kwanza ni kutembea. Lengo ni nusu saa kwa siku 5 za wiki, lakini wiki ya kwanza anza na dakika 10 au 15. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Zamani tuliambiana lazima uende dakika 10 bila kusimama ndipo ihesabiwe. Miongozo ya 2020 imeliondoa sharti hilo, kila dakika inaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo ukishuka daladala vituo viwili kabla ya sokoni asubuhi, na jioni vivyo hivyo, umeshapata sehemu kubwa bila kutenga muda mpya. Nadhani utasema, "Mbona sokoni nasimama siku nzima?" Kusimama kwenye meza ya biashara ni bora kuliko kukaa, ila hakukuhemeshi, na moyo hauhesabu kitu ambacho hakikuhemesha.

Aibu nayo ina dawa, nayo ni kuwa wengi. Mwanamke mmoja akitembea haraka mtaani anaangaliwa, wanawake watano wakitembea haraka ni kikundi. Kama mna kikoba au upatu pale sokoni, mnao tayari watu wanaoaminiana na wanaokutana kwa ratiba. Ongezeni kutembea kwenye ratiba hiyo. Saa 12 asubuhi, kwenye barabara za ndani, dera na raba vinatosha, trakisuti si lazima. Ulizeni pia mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu kama mnaweza kuutumia uwanja Jumamosi. Wengi hukubali wakiombwa na akina mama wanaojulikana.

Siku 2 za misuli utazifanya nyumbani, dakika 20 zinatosha. Kaa kwenye kiti imara kilichoegeshwa ukutani, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, kaa tena pole pole ukihesabu hadi tatu. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika, rudia. Kisha simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, jishushe na kujisukuma. Hizo ndizo pushapu zako za kuanzia. Chukua madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, mgongo umenyooka, na utembee nayo kutoka mlangoni hadi getini na kurudi. Malizia kwa kusimama kwenye vidole vya miguu ukiwa umeshika ukuta. Usibane pumzi hata mara moja. Ukiona mara 12 zimekuwa rahisi, ongeza ugumu: toka ukutani uende kwenye meza imara, jaza madumu ya lita 10 hadi nusu na kidogo. Bila kuongeza ugumu mwili unazoea na kuacha kubadilika, na hilo ndilo jimu hukufanyia vizuri kwa vyuma vyake vilivyoandikwa kilo.

Je, jimu haina maana basi? Ina maana. Inakupa kivuli wakati wa mvua za masika, uzito unaoongezwa kidogo kidogo, na mwalimu mzuri kama yupo. Ukipata nafasi, usilipie mwaka wala mwezi mwanzoni. Lipa kwa siku, nenda mara mbili tatu saa ambayo hakuna watu, mwambie mwalimu vipimo vyako vya presha, mwombe akusahihishe namna ya kuchuchumaa na kunyanyua. Akikuambia uache dawa, au akitaka kukuuzia unga wa kukata tumbo, ondoka. Ukiona baada ya wiki sita bado unakwenda, hapo ndipo ufikirie ada ya mwezi.

Mambo mengine yanahitaji mtu akuone ana kwa ana. La kwanza, usingoje miezi mitatu. Ukianza kidonge cha presha, presha inafaa ipimwe kila mwezi hadi itulie. Zahanati yoyote inaweza. Kaa dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usipime ukitoka kutembea au kunywa kahawa. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usifanye mazoezi siku hiyo, nenda hospitali. Kidonge usikiache kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu unakimeza na unatembea. Akupunguzie daktari mwenyewe.

Wakati wa mazoezi, simama mara moja na utafute msaada ukipata maumivu au kubanwa kifuani, hasa yakienda mkononi au kwenye taya, pumzi kukata kuliko ulivyozoea, moyo kudunda ovyo, au kuzimia. Mdomo ukipinda, mkono ukikosa nguvu au maneno yakikwama, hata ukiwa umekaa, hiyo ni hospitali dakika hiyo hiyo. Kizunguzungu kidogo unapoinuka haraka kinaweza kuwa cha dawa, kisimulie kliniki. Ikiwa siku moja watakupa insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, uliza kwanza namna ya kula kabla ya mazoezi, maana sukari inaweza kushuka mno. Miguu ikianza kufa ganzi, usitembee na ndala, na ukague nyayo kila usiku.

Ukirudi kliniki, nenda na daftari lenye tarehe, dakika ulizotembea na presha ya kila mwezi. Omba pia sukari irudiwe baada ya miezi mitatu, na kama kituo kinacho, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi iliyopita. Daktari akiliona daftari hilo atapanga dawa kwa ushahidi wa mwili wako.